Mpiga picha wa Tanga anauliza: ninunue karatasi gani ili picha idumu?

Swali: "Mimi ni mpiga picha, naishi Tanga. Miaka miwili iliyopita niliiuzia hoteli moja ya ufukweni picha za mafundi wanaojenga majahazi. Nilizichapisha kwa printa yangu ya kawaida ya wino, kwenye karatasi ya kung'aa ya gramu 260, zikatiwa fremu zisizo na kioo. Juzi nimeitwa nikazione: bluu ya bahari imetoweka, picha nzima imeingia rangi ya chungwa, na ile pambizo nyeupe imegeuka njano. Muuzaji wa Dar ananishauri nichukue karatasi ya gramu 300 ambayo boksi lake limeandikwa miaka 100. Ipo pia ya pamba, lakini bei yake ni karibu mara nne. Tofauti hiyo ni ya kweli au ni biashara tu? Ninunue ipi?"

Jibu:

Dada yangu, pole kwa hasara, na pole zaidi kwa kuitwa na mteja kuitazama. Tofauti ni ya kweli. Msimamo wangu nakupa mapema: kwa kazi unayoiuza kwa jina lako, hapo Tanga, nunua karatasi ya pamba asilimia 100, isiyong'aa, isiyotiwa kemikali za kung'arisha weupe. Ichapishe kwa wino wa pigmenti, yaani wino wa chembe zisizoyeyuka. Iweke nyuma ya kioo. Hayo matatu yanakwenda pamoja. Ukilipa mara nne kwa ajili ya pamba ukabaki na wino ule ule na fremu ile ile, bahari yako itakuwa ya chungwa tena, na safari hii kwa gharama kubwa zaidi.

Nasema hivyo kwa sababu picha zako zimeugua magonjwa mawili tofauti, na gramu 300 hazitibu hata moja. Gramu ni uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba. Zinakueleza karatasi ni nzito na ngumu kiasi gani, na hilo lina faida yake, maana karatasi nyepesi hujikunja haraka kwenye unyevu wa pwani. Hazikuelezi karatasi imetengenezwa kwa nini, wala nini kimechanganywa ndani yake.

Tuanze na ile rangi ya chungwa. Printa nyingi za nyumbani na za ofisini hutumia wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, molekuli moja moja. Bluu ya bahari yako imejengwa zaidi na rangi ya sayani, ile bluu ya wino wa printa. Sayani ikipotea, zinabaki njano na majenta (waridi iliyokolea), na jicho linaona chungwa. Sasa karatasi yako ya kung'aa imepakwa utando wenye vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ndivyo vinavyofanya picha itoke kwenye printa ikiwa kavu, lakini ndivyo hivyo vinavyoruhusu hewa kuingia hadi kwenye rangi. Ndani ya hewa kuna ozoni, gesi ya jamii ya oksijeni iliyo kali zaidi, na ozoni huvunja molekuli za sayani hata picha ikiwa kivulini. Fremu bila kioo, upepo wa bahari na feni mchana kutwa: hewa mpya ilikuwa inapita juu ya picha zako saa zote.

Jambo hili lina historia. Mwaka 2000 kampuni ya Epson ilitoa printa za Stylus Photo 870 na 1270, zikisifiwa kwa picha zenye uhai mrefu. Hazikupita siku nyingi wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba picha zao zinageuka chungwa, wengine ndani ya wiki chache. Mwanga ulikuwa umepimwa. Kilichowashinda watu ni hewa, kwenye karatasi ya kung'aa ya aina ile ile ya vitundu. Ugonjwa huo ndio uliokupata wewe.

Na usidhani pamba peke yake ingekuokoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanamuziki Graham Nash na wenzake walifungua studio huko Manhattan Beach, California, wakaanza kuchapisha picha za sanaa kwa mashine ya IRIS, iliyotengenezwa kwa ajili ya nakala za majaribio za matbaa. Karatasi walizotumia zilikuwa nzuri mno, za pamba, zile za wachoraji wa rangi za maji. Wino wa mashine ile haukuwa umekusudiwa kudumu, na chapa za awali za teknolojia hiyo zilififia ndani ya miaka michache. Mashine yao leo imehifadhiwa na Taasisi ya Smithsonian huko Washington, kwa heshima inayostahili, kwa sababu walifungua njia. Lakini ni wino wa pigmenti uliokuja baadaye ndio uliofanya njia hiyo ipitike. Pigmenti haiyeyuki. Ni chembe ndogondogo, kila chembe ikiwa imebeba molekuli nyingi mno. Mwanga na ozoni vikila zile za juu, za ndani zinabaki kazini. Kabla hujanunua karatasi yoyote, fungua kijitabu cha printa yako uone wino wake ni wa aina gani. Kama si pigmenti, hiyo pesa ya karatasi ipeleke kwa mtu mwenye printa ya pigmenti akuchapie, mpaka utakapopata yako.

Ugonjwa wa pili ni ile pambizo. Pale hapakuwa na wino, kwa hiyo iliyogeuka ni karatasi yenyewe. Weupe mkali wa karatasi nyingi za dukani hautokani na usafi wa nyuzi. Unatokana na kemikali zinazomeza mwanga wa urujuanimno tusiouona na kuurudisha nje kama mwanga wa bluu. Ni kama bluu tunayosuuzia kanzu: njano haijaondoka, imefunikwa. Kemikali hizi huchoka kwa mwanga na hewa. Zikichoka, njano ya asili inajitokeza, na kwa kuwa mteja wako alizoea weupe wa siku ya kwanza, yeye anaona karatasi imechakaa. Karatasi isiyo na kemikali hizo huanza na weupe wa maziwa kidogo, wenye joto, na hubaki hapo hapo. Wapiga picha wengi huikataa dukani kwa sababu wameiweka kando ya ile iliyong'arishwa. Ikiwa peke yake ukutani, hakuna anayelalamika.

Kuzigundua hakuhitaji maabara. Azima ile taa ya zambarau ambayo mawakala wa fedha hukagulia noti. Ingia chumba cha giza, weka karatasi ya ofisi kando ya sampuli yako, washa. Karatasi ya ofisi itawaka bluu kali. Noti halali karatasi yake hubaki nyeusi tii isipokuwa alama zake za siri, na karatasi ya sanaa isiyong'arishwa itakaa vivyo hivyo, imepoa. Sasa igeuze uangalie mgongo, kwa sababu wakati mwingine nyuzi hazikutiwa kitu lakini ule utando wa juu umetiwa, au kinyume chake. Zipo pia zinazowaka kidogo tu. Hizo zimetiwa kiasi kidogo, na kwa picha itakayokaa mbali na dirisha siwezi kukukataza. Ile inayowaka sawa na karatasi ya ofisi, iache, hata boksi liandike nini.

Lipo na jambo la tatu, ambalo halijakupata bado kwa sababu linachukua muda: asidi. Hadi karne ya 19 karatasi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Zitazame zile zilizofika kwetu. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, kwenye karne ya 18 na 19, iliandikwa kwenye karatasi iliyoagizwa kutoka ng'ambo, na ipo iliyovuka unyevu wote huo wa Lamu na bado kurasa zake zinafunguka. Kisha chukua gazeti la miaka ya 1970 uliloliacha kabatini: limekuwa kahawia na linakatika ukilikunja. Tofauti kubwa ni lignini, yaani kile kinachogandisha nyuzi za mbao pamoja, na asidi. Rojo la mbao lisilosafishwa lina lignini, ambayo hugeuka njano na kuzaa asidi. Juu ya hilo, mwaka 1807 Mjerumani Moritz Illig alieleza namna ya kuzuia karatasi isinyonye wino kwa kutumia shabu na utomvu wa msonobari. Njia ilikuwa rahisi, viwanda vikaipokea, na shabu ikaacha asidi inayokatakata nyuzi za selulosi, ambazo ndizo mwili wa karatasi, polepole, kwenye joto na unyevu kwa kasi zaidi. Unaishi mahali penye vyote viwili.

Kwa hiyo ukisoma karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, tafuta haya: nyuzi ni pamba asilimia 100, au selulosi ya mbao iliyosafishwa hadi lignini ikatoka, hakuna asidi, na imewekewa akiba ya kalsiamu kaboneti, yaani chokaa laini, ya kuzima asidi itakayoingia kutoka hewani au kwenye fremu. Kipimo cha kimataifa kinachotajwa sana ni ISO 9706, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1994. Kinataka pH, yaani kipimo cha asidi ambacho chini ya 7 ni asidi, iwe kati ya 7.5 na 10, akiba inayolingana na takriban asilimia 2 ya kalsiamu kaboneti, na lignini iwe kidogo mno. Kiliandikwa kwa ajili ya nyaraka, lakini watengenezaji wa karatasi za sanaa hukitaja, na kukitaja ni dalili nzuri. Selulosi iliyosafishwa vizuri si karatasi mbaya, na ni nafuu kuliko pamba. Ukibanwa na bajeti, anzia hapo badala ya kwenda kwenye zile za gramu 300 zisizoeleza nyuzi zake.

Ile ya kung'aa uliyotumia nadhani ni karatasi iliyofunikwa plastiki ya polithini pande zote mbili. Isitukanwe. Kwa picha za harusi zinazokwenda kwenye albamu, za mahafali, za pasipoti, inafaa kabisa, na albamu ikifungwa hewa haipiti. Haikutengenezwa kwa ajili ya kuning'inia barazani bila kioo.

Majina yapo. Hahnemühle wa Ujerumani wanatengeneza karatasi tangu 1584, Canson wa Ufaransa tangu 1557, na wote wawili wana aina za pamba kwa printa za wino. Kwa kazi yako ningejaribu Museum Etching ya Hahnemühle, gramu 350, yenye mkwaruzo wa karatasi ya mchoro, na Rag Photographique ya Canson, gramu 310, iliyo laini zaidi na inayotunza nyuzi za kamba na ncha za misumari ya jahazi. Zote mbili ni pamba na hazikung'arishwa. Kampuni hizi huuza pakiti za sampuli za A4 zenye karatasi aina kadhaa. Agiza pakiti kwanza. Usifungue mkoba kwa boksi zima kabla taa ya noti haijasema lake, na kabla hujaona picha yako mwenyewe juu yake.

Mteja wa hoteli atasema anataka yenye kung'aa. Ipo karatasi ya pamba yenye safu ya bariti, unga mweupe wa madini, ile ile iliyokuwa kwenye karatasi za zamani za kusafishia picha kwenye chumba cha giza. Weusi wake ni mzito na picha za nyeusi na nyeupe hupendeza sana juu yake. Ila uso wake hushika alama za vidole na mikwaruzo, na ukiikunja safu inapasuka. Nyuma ya kioo, mng'ao wa kioo na mng'ao wa karatasi vinagombana, kwa hiyo faida yenyewe inapungua. Mimi pwani nashikilia isiyong'aa. Turubai, ambazo hoteli huzipenda, mara nyingi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na zikivutwa kwenye fremu utando hupasuka pembeni. Ukilazimika, ipake vanishi maalumu ya picha na uikague kwa taa ile ile.

Sasa ile miaka 100 ya kwenye boksi. Namba za namna hiyo nyingi hutokana na vipimo vya mwanga vilivyoharakishwa, na maabara iliyojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni ya Henry Wilhelm, huko Grinnell, Iowa. Kipimo chake cha picha ya ukutani kinachukulia mwanga wa luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 450 kwa saa 12 kila siku, nyuzi joto 24, unyevu wa asilimia 60. Hayo ni mazingira ya sebule iliyotulia huko kwao. Baraza la hoteli yako mchana linaweza kuwa na luksi 2,250 bila jua kugusa ukuta. Hiyo ni mara tano, kwa hiyo miaka 100 inakuwa 20 kwa hesabu ya mwanga peke yake. Unyevu wa Tanga hupita asilimia 60 muda mwingi wa mwaka, na kushambuliwa na ozoni kuna kipimo chake cha pembeni ambacho boksi kwa kawaida halikitaji. Tena namba ile ni ya karatasi fulani pamoja na wino fulani. Karatasi haina miaka yake yenyewe. Muulize muuzaji: miaka 100 kwa wino upi, nyuma ya kioo au wazi? Asipojua, namba hiyo haikuhusu.

Jaribio lako mwenyewe litakueleza zaidi ya boksi. Chapisha picha moja ndogo yenye bahari, ngozi ya mtu, kijivu, na pambizo pana nyeupe. Toa nakala tatu kwenye kila sampuli, andika nyuma kwa penseli jina la karatasi, wino na tarehe. Ya kwanza itie kwenye bahasha ya karatasi nzuri, ndani ya droo. Ya pili ibandike nyuma ya kioo cha dirisha linalopata jua la asubuhi, na nusu yake uifunike kwa foili ya jikoni. Ya tatu itundike wazi kivulini, mahali feni inapovuma, jua lisipofika. Kila mwezi ziweke zote tatu mezani, kivulini, saa ile ile ya mchana. Ya dirishani ikififia na ya feni ikabaki, adui ni mwanga. Ya feni ikienda chungwa na nusu iliyofunikwa foili ikabaki, adui ni hewa. Pambizo ikigeuka njano dirishani huku rangi ziko sawa, hiyo ni karatasi. Chukua na karatasi yako ya zamani ya gramu 260 uiweke kwenye jaribio, kwa sababu mabadiliko yake utayaona mapema na yatakufundisha cha kutafuta kwenye zile ngumu.

Ukishachagua, kuna tabia za karatasi ya pamba ambazo hutakuwa umezizoea. Huacha vumbi la nyuzi. Kabla ya kuitia kwenye printa, ishike wima uipanguse kwa brashi laini, la sivyo unyuzi hudondoka baada ya kuchapisha na kuacha doa jeupe katikati ya anga. Itunze kwenye mfuko wake, umefungwa, na ukiitoa chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto iache ipate joto na kuzoea ikiwa bado mfukoni. Chagua aina ya karatasi sahihi kwenye printa na upakue profaili ya rangi ya mtengenezaji (faili linaloielekeza printa rangi za karatasi hiyo) kwa printa yako, maana karatasi isiyong'aa ikichapishwa kwa mpangilio wa kung'aa inapewa wino usiokuwa wake na weusi wake hufifia. Na usiifunge kwenye fremu siku ile ile. Wino bado unatoa mvuke. Funika picha kwa karatasi nyeupe ya kawaida usiku mzima hadi siku ya pili, vinginevyo mvuke utakwenda kutengeneza ukungu upande wa ndani wa kioo.

Fundi wa fremu ndiye anayeweza kukuharibia yote haya kwa nusu saa. Mkazanie mambo manne. Picha isigusane na kioo, iwepo kadi yenye dirisha katikati yao, kwa sababu kwenye unyevu wetu karatasi hunasa kwenye kioo na haibanduki salama. Kadi hiyo na ya nyuma ziwe hazina asidi. Plaiwudi na hadibodi zina lignini na asidi, na baada ya miaka michache mistari yao ya kahawia hutokea mbele ya picha. Kalamu za kupimia asidi zipo, ijaribu kwenye kipande cha pembeni cha kadi. Asitumie selotepu wala masking tepu kwenye picha, ashikilie kwa vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga. Na nyuma ya fremu, kwenye pembe mbili za chini, abandike vipande vya koki ili fremu isilale ukutani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini, na picha iliyolala juu yake huota ukungu mgongoni bila mtu kujua.

Kuhusu hoteli: warudie wenyewe kabla hawajakutafuta tena, wape chapa mpya kwa gharama yako ukiweza, na uombe zipelekwe ukuta ambao dirisha liko pembeni yake badala ya kukabiliana nalo. Zile za chungwa zichukue. Kwenye hati ya mauzo usiandike miaka yoyote. Andika jina la karatasi na nyuzi zake, jina la wino, tarehe ya kuchapisha, namba ya nakala, na mistari miwili ya masharti: nyuma ya kioo, mbali na jua la moja kwa moja na ukuta wenye maji. Saini yako iweke kwa penseli kwenye pambizo ya chini. Kalamu ya wino ya kawaida itafifia kabla ya picha.